Nakala ya Thelathini

Dawa ya kufutia makosa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, ilikuwa ya rangi ya waridi, na harufu yake ilikuwa kali kama rangi ya kucha iliyomwagika juani. Nikiisikia hata leo, natazama mlangoni kwanza. Mama alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa pamba hapa Kisumu, na kila jioni alirudi nyumbani na harufu hiyo vidoleni, imechanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, aliowanunua njiani. Mimi ninayeandika haya nina diploma ya uchapishaji kutoka Uingereza. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kufua mashuka ya hospitali, kisha nikarudi kufungua kiwanda changu cha chapa bila kumpigia mtu magoti. Lakini mashine ya kwanza kuniingia moyoni ilikuwa ile ya kurudufu, ya mkono, iliyokuwa nyuma ya kabati la ofisi ya Mama. Miaka ile ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Mimi na rafiki yangu Wanjiru, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Murang'a kuuza sufuria sokoni, tulikuwa na gazeti. Liliitwa Kelele za Goli. Lilikuwa karatasi moja iliyochapwa pande mbili, nakala thelathini, na ndani yake tuliandika habari za timu yetu ya mpira: nani aliumia goti, nani alioa, kwa nini kipa asile samaki kabla ya mechi. Mimi niliandika, Wanjiru alichora. Mama alitupigia taipu wakati wa chakula cha mchana, bosi akiwa ameenda kula kwake Milimani, kisha akazungusha mkono wa mashine macho yakiwa mlangoni. Taipureta yake ilikuwa na kasoro moja: herufi R iliruka juu kidogo ya wenzake, kama mtoto anayechungulia dirishani. Watoto wa mtaa wetu walisoma Kelele za Goli mpaka likachanika mikunjoni. Nasema bila haya kwamba tulikuwa waandishi wazuri.

Kosa lilitokea katika toleo la sita. Jumapili timu yetu ilikuwa inacheza na timu ya Nairobi, na beki wao namba tano alikuwa mtu mkubwa mno ambaye hakuna aliyewahi kumpita. Mashabiki walimpa jina la Serikali. Mama alipiga taipu habari zote, akaacha nafasi juu ya stensili ili Wanjiru akwaruze kichwa cha habari kwa kalamu iliyoisha wino, kama kawaida yetu. Maneno niliyatunga mimi. Mama hakuyasoma, kwa sababu siku ile alisikia viatu koridoni akaharakisha kuchapa. Tuligawa nakala shuleni Ijumaa. Jumamosi asubuhi Mama alikuta moja mezani, chini ya kikombe, imeandikwa kwa herufi kubwa: JUMAPILI TUTAIPINDUA SERIKALI.

Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukikauka namna ile. Siku hizo watu walikuwa wanakamatwa kwa sababu ya karatasi. Mwalimu mmoja wa jirani alichukuliwa kwa sababu karatasi iliyochapwa kwa mashine kama yetu ilipatikana chini ya godoro lake, na mkewe alikuwa bado anazunguka vituo vya polisi na sahani ya chakula.

"Hii ni nini, Atieno?"

"Ni namba tano, Mama. Wa Nairobi. Anaitwa hivyo."

"Nyathina, mwanangu," akasema polepole, "mwenye kuja kunichukua atajua ni namba tano?"

Tulizunguka kutwa nzima, mimi na Wanjiru, nyumba kwa nyumba, tukikusanya nakala na kudanganya kwamba kuna makosa ya tahajia. Wengine walitucheka. "Nyinyi gazeti gani linarudishwa kama chupa ya soda?" Mama alizipokea moja moja, akazitia kwenye jiko la makaa huku akihesabu kwa midomo. Zilifika ishirini na tisa. Alihesabu tena majivu, kana kwamba majivu yanahesabika.

Jumapili redio zote za mtaa zilikuwa kwenye mechi. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba timu yetu ifungwe. Mungu hakunisikia, tulishinda mbili kwa moja, bao la pili likipita katikati ya miguu ya namba tano. Vijana walimiminika barabarani wakipiga madebe, "Serikali imeanguka! Serikali imeanguka!" Mama alifunga madirisha yote, akakaa sakafuni, akanivuta mapajani pake ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa. Moyo wake ulinigonga mgongoni.

Nakala ya thelathini ilikuja yenyewe Jumatatu jioni, mfukoni mwa Sajini, askari aliyepanga nyumba ya tatu kutoka yetu. Aliikunjua juu ya meza yetu, akailaza vizuri kwa kiganja.

"Mama Atieno, hii R inayoruka nimeiona mahali. Barua za ushirika, sivyo?"

Mama akamsogezea kiti.

"Ni mpira tu, ama?" akauliza Sajini.

"Ni mpira, Bwana."

Akanigeukia. "Na wewe, mwandishi. Serikali ni nani?"

"Namba tano," nikasema, na mkojo ukanitoka.

Alicheka sana, kicheko cha mtu aliyeshiba. Kisha akaikunja ile karatasi mara nne, akairudisha mfukoni. "Hii nitakuwekea," akamwambia Mama. Hilo tu. Hakuomba kitu, hakututisha, na hakuirudisha. Kila aliponikuta bombani aliniuliza, "Atieno, Serikali hajambo?" nami nikajibu, "Hajambo, Bwana," ndoo kichwani. Baada ya mwaka mmoja alihamishiwa mkoa mwingine, akaondoka na karatasi yetu. Kelele za Goli halikutoka tena. Mama aliendelea kupiga taipu, lakini kila gari lililosimama nje ya ofisi lilimsimamisha vidole.

Leo mashine yangu inatoa kwa dakika moja kazi ambayo Mama angeifanya kwa wiki. Vijana wananiletea magazeti yao ya mashabiki, ya mpira na ya muziki, wakipindua na kuangusha watakavyo kwenye vichwa vya habari, na hakuna anayeshusha sauti. Nami nimelifufua Kelele za Goli, kwa rangi nne, karatasi ya kung'aa. Toleo la kwanza lilipokauka nilimpelekea Mama kijijini kwake, Pap Onditi, nikijivuna kama jogoo. Alivaa miwani. Hakutazama picha wala jina langu. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akizitafuta R, mpaka akaridhika kwamba zote zimekaa chini pamoja na wenzao.

"Ni nzuri," akasema. "Umetoa nakala ngapi?"

"Mia tano, Mama."

Akalikunja mara nne, akalisukuma chini ya mto.

"Na zote unajua ziko wapi?"