Nilimpa Mama Achieng' Aibu Isiyo Yake

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si ujana. Ni mdomo wangu huu huu uliojivunia Kiingereza. Jina langu mniachie tu, maana waliofanya kazi nami wakilisikia watanijua mara moja, na mama yangu bado anasali na watu wale.

Katikati ya miaka hii ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ya shamba moja la chai, upande wa Kericho. Nilikuwa nimemaliza Form Four juzi tu, na Kiingereza nilikipita mpaka kichwa kikafura. Meneja wetu alikuwa Mzungu mgeni. Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "asante", kwa hiyo mfanyakazi akiitwa ofisini, mimi ndiye niliyetafsiri. Wenzangu wakanibandika jina, Madam Ingrishi. Walidhani wananicheka, kumbe mimi nafurahi!

Mama Achieng' alikuwa akifagia na kupanga magunia kwenye stoo ya kiwanda. Alikuja na mumewe kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi, mume akafariki, akabaki na watoto katika nyumba ya shamba. Mama yangu alipolazwa hospitali, ni kwake nilikokula ugali na omena, dagaa wa huko ziwani, nikilala kitanda kimoja na binti yake Achieng'. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia haya.

Siku hizo majani chai yaliyokwisha kupakiwa yalikuwa yakipotea stoo. Asubuhi moja nyapara alimwona Mama Achieng' akitoka nyuma ya magunia, ameficha kitu ndani ya sweta. Akamwambia akitoe, akakataa. Akaletwa ofisini amejishika tumbo, nyapara nyuma yake, askari wa geti kando.

"Mwambie Mzungu huyu mama anaficha kitu kwa sweta," nyapara akaniambia. "Nikisema atoe, hataki."

Meneja akauliza kwa nini hataki. Nikamtafsiria Mama Achieng'. Akawatazama wale wanaume watatu mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi. Sauti ikamtoka ndogo.

"Mimi naona aibu, nyathina." Ndivyo alivyozoea kuniita, mwanangu, kwa Kijaluo chake.

Nikageuka haraka nikamwambia meneja kwamba mama huyu ni "ashamed".

Meneja hakukurupuka, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Aliweka kalamu chini, akaniuliza polepole: ni "ashamed", au ni "embarrassed"?

Jamani! Mtu alinifungulia mlango! Lakini mimi nilidhani ni neno moja limevaa nguo mbili. Kwetu aibu ni aibu. Ningesema, sijui tofauti. Ningemuuliza mama mwenyewe. Lakini Madam Ingrishi akubali kwamba hajui, mbele ya nyapara? Nikakaza shingo nikajibu, "Ashamed, sir. Very ashamed."

Hiyo "very" niliiongeza mwenyewe. Hakuna aliyeniomba!

Meneja akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kwake yeye, mtu alikuwa ameshakiri kosa. Nyapara alipotaka kumpekua alimkataza, akasema mwanamke hapekuliwi na wanaume, na tena hakuna haja. Mama Achieng' akaachishwa kazi hapo hapo, akaambiwa ahame nyumba ya shamba kabla ya wiki kuisha.

Nilimfuata nje. Nyuma ya choo cha wafanyakazi akanifungulia sweta. Ilikuwa petikoti yake, ameikunja, imelowa damu. Siku zake zilikuwa zimemjia ghafla kazini, akajificha nyuma ya magunia kuivua.

"Sasa hii ningeonyesha wanaume aje?" akasema huku analia. "Nilijua wewe ni msichana, utaelewa. Kwani ulimwambia nini?"

"Nilisema tu vile ulisema, mama."

Uongo mtupu!

Nikarudi mezani nikafungua kamusi ya ofisi. Ole wangu! "Ashamed" ni aibu ya mtu anayejua ametenda ubaya. "Embarrassed" ni ile ya uso kuwaka moto watu wakiona jambo lako la siri, hata kama hujamkosea mtu yeyote.

Mlango wa meneja ulikuwa wazi. Ningeingia na kusema, nimekosea neno. Lakini wiki ile ile alikuwa amenipendekeza niwe sekretari wa ofisi kubwa mjini, kwa sababu ya hicho hicho Kiingereza. Nikafunga kamusi. Nikaanza kupiga chapa barua ya kumfukuza Mama Achieng', na sikukosea hata herufi.

Achieng' alikuwa darasa la nane. Walihama kabla hajafanya mtihani.

Kazi ya mjini niliipata, na haikunipa raha. Nilipoungama kwa mama yangu, alisema, "Huyo mama alikulisha. Wewe umemlisha nini?" Nilipopata moyo wa kurudi shambani, meneja alikuwa ameshaenda kwao, na aliyemrithi hakutaka habari za zamani.

Mwezi uliopita nilimwona Mama Achieng' sokoni Litein, anauza omena. Nikainama mbele ya gunia lake nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ni neno langu lilikufukuzisha. Naona aibu."

Aliendelea kupima omena kwa mkebe. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Ile siku nilikuwa nasikia. Mzungu alitaja maneno mawili, wewe ukachukua moja. Sasa hii aibu yako ya leo ni gani?"

"Ni ile niliyokupa wewe, mama."

Akanifungia omena kwenye gazeti, akaniwekea mkononi. "Salimia mama yako," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Kama amenisamehe sijui, na sikuthubutu kuuliza.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi vijana mliosoma kidogo mkaanza kusemea wazee wenu ofisini, hospitalini, kortini: neno likikushinda, sema limekushinda. Watakucheka siku moja, basi. Na ukishakosea, rudi siku hiyo hiyo, mlango ukiwa bado wazi. Mimi niliogopa kuchekwa na nyapara, na mtoto wa watu hakufanya mtihani.