Herufi Mbili za Kisima

Bwana Luhende, karani wa baraza la mji wetu mdogo, alifika kazini kila siku kabla sijawasha moto wa chai. Aliegemeza baiskeli, akapangusa mashine ya kuchapa, akakaa. Alikuwa na majivuno ya jambo moja tu: stensili zake, zile karatasi za nta za kurudufia, hazikuwa na doa. Makarani wengine wakikosea huziba herufi kwa ile dawa nyekundu, wakachapa tena juu yake. Yeye alikuwa akiniambia, "Mama Gladness, dawa hiyo ni ya wanafunzi." Chupa yake ilikuwa imekauka mezani.

Mwaka ule watu walikuwa na hofu. Pamba haikununuliwa tena na ushirika, ila na watu binafsi waliokuja na mizani zao, na serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Tulisikia orodha inaandaliwa wilayani, na kwamba wanaoanza kuandikwa ni wale wenye dosari kwenye faili. Bwana Luhende alikuwa na watoto watano. Kila barua ilipoletwa kutoka wilayani, aliigeuza mara mbili ndipo aichane.

Hofu nyingine ilikuwa ya maji. Magugu maji yalikuwa yamefunga ufuko wote wa ziwa, hupati hata pa kutumbukiza ndoo. Tulibaki na kisima cha nyuma ya soko, nacho kimejaa tope. Ndiyo maana kikao cha mwezi wa tatu kiliazimia kifukuliwe, tope litolewe, maji yarudi. Nilisikia mwenyewe, nimeshika birika. Muhtasari ukachapwa na nakala ikapelekwa wilayani kama kawaida.

Jumatatu ya wiki ya kikao kilichofuata, jibu likaja. Bwana Luhende alilisoma amesimama, halafu akakaa.

"Mama Gladness, hebu njoo. Hapa pameandikwaje?"

Nilifuta mikono, nikafuata mstari kwa kidole, maana shule yangu iliishia darasa la nne. "Lori la udongo litafika Alhamisi asubuhi kwa ajili ya kufukia kisima cha nyuma ya soko, kama baraza lenu lilivyoazimia."

"Kufukia?"

"Kufukia, Bwana Luhende."

Akavuta faili. Ajenda ya nne: *Kisima kifukiwe.* Herufi mbili zilikuwa zimeruka, u na l, na kwa herufi hizo mbili tulikuwa tumeomba wenyewe kisima chetu kizikwe.

"Nani mwingine ameona?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Mungu," nikasema. Sikutaka kumchoma, ndivyo lilivyonitoka.

Alitaka kukimbilia wilayani siku ileile, lakini azimio la baraza halifutwi na karani. Na mwenyekiti, Mzee Mayala, alikuwa Mwanza mjini kwa shughuli zake, angerudi Jumatano saa ya kikao. Jumanne nzima mashine haikulia. Kikombe cha chai nilichomwekea asubuhi nilikikuta jioni kimejaa, kina utando juu. Nilimwombea, na nilikiombea kisima, na sikujua nianze na kipi.

Kuna jambo la vikao vyetu inafaa mlijue. Karani hana kauli. Anaandika tu. Na muhtasari wa kikao kilichopita hausomwi. Mwenyekiti anauliza, "Mmeupitia?" Wajumbe wanaitikia, "Tumeupitia!" na andazi liko mdomoni. "Ni sahihi?" "Sahihi!" Mzee Mayala anatia saini, imekwisha.

Jumatano aliingia amechelewa, vumbi la safari mabegani, akaenda moja kwa moja kitini.

"Waheshimiwa, mmeupitia?"

"Tumeupitia!"

Bwana Luhende akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba..."

"Ndugu karani, wewe huna kauli hapa."

"Sina, Mzee. Naomba kuusoma tu. Kusoma ni kazi yangu."

"Wote? Tutalala hapa!" akadakia mjumbe mmoja, na wengine wakacheka.

"Ajenda ya nne tu."

Mzee Mayala akatazama saa. "Haya, soma upesi."

Aliinua karatasi. Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. "Baraza limeazimia kwamba kisima cha nyuma ya soko ki-fu-ki-we."

Bibi Sabina, mjumbe anayekaa jirani na kisima, akaweka kikombe chini.

"Kifukiwe? Nani kasema kifukiwe? Wewe Mayala ulisema?"

"Mimi? Nilisema kifukuliwe!"

"Sasa mbona mmesema ni sahihi? Na mimi nimesema sahihi! Jamani, tunakula maandazi tunazika kisima!"

Hapo Bwana Luhende akaweka barua ya wilayani mbele ya mwenyekiti. "Lori ni kesho. Kosa ni langu."

Herufi mbili ziliongezwa kwa kalamu juu ya mstari, mwenyekiti akatia saini pembeni, na Bwana Luhende akapanda baiskeli kwenda wilayani, Magu. Njia mbovu ilimchelewesha. Alipofika lori lilikuwa limepakiwa, litoke alfajiri, na dereva hakutaka kushusha. Wakubwa waliposoma marekebisho walimwambia dereva aende nalo, lakini udongo ujaze mashimo ya njia ya soko. Bwana Luhende alirudi amekaa juu ya udongo ule, baiskeli mapajani.

Kisima kilifukuliwa baada ya wiki mbili. Lakini Mzee Mayala alisema uzembe hauachwi hivi hivi, karani aandikiwe onyo, nakala wilayani. Na nani wa kulichapa? Mji mzima mchapaji alikuwa mmoja.

Alilichapa mwenyewe. Nilimsikia kutoka jikoni, herufi moja moja, polepole. Katikati mashine ikanyamaza. Nikachungulia: alikuwa anatia spiriti kwenye ile chupa ya dawa nyekundu iliyokauka, anaitikisa.

Akaja na karatasi. "Mama Gladness, nisomee. Kuna kilichoruka?"

Nikasoma kwa kidole: jina lake, kosa lake, tarehe. Hakuna kilichoruka. Akashukuru, akaipeleka kutiwa saini.

Orodha ya wanaopunguzwa ilikuja mwezi wa saba, tukabandikiwa ukutani. Niliifuata kwa kidole mpaka chini, mara mbili. Jina lake halikuwemo. Nilimwita aje aone. Hakuja mara moja. Alikuwa na muhtasari kwenye mashine, anautamka kwa sauti, silabi kwa silabi.