Picha ya Mama Isiyo na Rangi

Amondi wa Kianda anasuka nywele, lakini mdomo wake hausukiki. Ukimchokoza kwa Facebook asubuhi, jioni bado anakujibu. Huko ndiko aliishi. Alipoanza kukaa na mpenzi wake Shiundu, aliweka picha huko. Alipohama ploti, akaweka. Ukimuuliza habari ya dadake mkubwa, Awiti, aliyeko Gatina kule Kawangware, anakwambia, "Yuko poa, jana amelaiki picha yangu."

Siku moja akamkumbuka tu mama yao, aliyeko Siaya. Akachukua picha yake, akaitoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe, vile aliona imetoka smart. Akaandika, "Malkia wangu, nakupenda milele." Akazima simu ishike chaji haraka, akarudi kwa kichwa cha mteja.

Sasa, nani hajui? Picha ya mzee ikitolewa rangi, huyo ameenda. Watu wakaanza: Pole sana. Mungu alimpenda zaidi. Mazishi ni lini?

Awiti alikuwa Lavington akifulia watu nguo. Akaona. Akapigia mama, haikushikwa. Akapigia Amondi, mteja hapatikani. Aliacha nguo kwa sabuni, akalia barabarani mpaka Gatina. Kufika, landlady wake, Mama Wakarima, ashapanga viti nje na majirani wameanza kuimba.

Katikati ya wimbo simu ikalia. Ni mama. Alikuwa shambani, simu ameiacha kwa nyumba.

"Awiti nyathina, mwanangu, hapa boma imejaa watu wananililia. Kwani mimi niliugua nini?"

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Awiti hakucheka.

Amondi kuwasha simu, akaona maneno. Akampigia dadake akiwaka.

"Aki hao watu ni wajinga aje? Picha tu!"

"Usiwatusi. Hata mimi niliamini."

"Wewe? Si ungejua ningekupigia kwanza?"

"Ningejuaje? Shiundu nilimjua kwa Facebook. Kuhama kwako, Facebook. Nikasema basi, na mama pia nimepewa hivyo, pamoja na watu wa sokoni."

Akakata. Amondi akapiga tena, haikushikwa. Kesho yake, haikushikwa.

Alitukana kila mtu alikoment. Alitukana network. Alimtukana Shiundu, na Shiundu alikuwa amekaa tu akikunywa chai. Halafu matusi yakaisha, ikabaki ile sauti ya Awiti. Ilimkwama kama mwiba wa samaki. Akiwa anamsuka mteja wake Tabby, akaachilia nywele, akashika simu, akaanza kufuta akaunti.

"Unafanya nini?" Tabby akauliza.

"Natoka."

"Wewe! Utoke uende wapi? Kesho uko huko unatusi mtu."

"Ukinipata huko, nakusuka bure."

"Haki nitakuwa nachungulia kila saa."

Jioni alimpigia mama, wakaongea mpaka credo ikaisha. Jumapili hakupiga simu kwa Awiti. Alishika Ngong Road na miguu, akakata Naivasha Road, akaingia Gatina na vumbi mpaka magoti. Njia yote alikuwa anapanga vile atajitetea. Awiti alikuwa mlangoni anasugua sufuria.

"Umekuja kupiga nani picha?"

Ile hasira ikapanda. Amondi akaimeza, ikashuka na uchungu.

"Nimekuja kukusuka. Hiyo kichwa imekaa ya mtu amefiwa."

Sufuria ikasimama hewani. Mama Wakarima, aliyekuwa akianika nguo, akaziacha aone kama itarushwa. Awiti akauma midomo, lakini kicheko kikampenya.

"Mjinga wewe," akasema, akajipangusa macho na mkono wenye sabuni. Akamletea Amondi stuli, yeye akakaa chini katikati ya magoti ya mdogo wake, kama zamani.

Amondi akagawa nywele. Alisuka laini ya kwanza. Ya pili, akainama karibu na sikio.

"Niko na mimba."

Mgongo wa Awiti ukanyooka. "Nani anajua?"

"Wewe."

"Na Shiundu?"

"Bado. Nilitaka ianze na wewe."

Awiti hakugeuka. Alirudisha mkono nyuma akatafuta goti la Amondi, akalishika na vumbi yake yote, hakuachilia.

"Usikaze sana hapo mbele," akasema, sauti imelowa. "Na utakula hapa. Mtu wa hali yako harudi Kianda na miguu."