Msiba wa Minza na Rajabu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka macho hujaa machozi na mdomo hucheka wenyewe. Ni siku tuliyomlilia dada yangu Minza, kule Kamanga, ng'ambo ya ziwa, nchi hii ikiwa haijapata Uhuru. Juzi tulipotoka kwenye ule msiba wa vijana wawili wapendanao hapa Kiseke, ukaniuliza njiani, "Bibi, hapa kosa ni la nani?" Jibu ninalo, ila ni refu, halisemeki tukiwa tunatembea. Sasa tumekaa, nisikilize.

Baba yetu, Mzee Masanja, alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji, mtu mwenye sauti pale kijijini. Mji wetu, yaani boma letu, ulizungushiwa minyaa, na ukisimama mlangoni uliliona ziwa lote na majabali ya Mwanza upande wa pili. Minza ndiye alikuwa mkubwa, mimi nikimfuata. Alikuwa binti mrefu, mcheshi, na kicheko chake kilisikika mpaka kisimani. Mama alimkataza kucheka vile mbele ya wageni, akacheka zaidi.

Kila msimu wa pamba ghala lilipofunguliwa, kijiji kilijaa watu wa mjini. Walivuka wauza chumvi, wauza khanga na mafundi cherehani waliobeba mashine zao kwenye mashua. Mwaka ule alikuja fundi kijana aitwaye Rajabu, mtoto wa Mzee Salum. Mzee Salum alikuwa fundi wa siku nyingi pale mjini Mwanza, Mwislamu mcha Mungu, ambaye ukoo wake ulichanganya Wamanyema, Wanyamwezi na Mwarabu mmoja wa zamani waliyependa sana kumtaja. Minza akapeleka kitambaa ashonewe gauni. Gauni likambana, akalirudisha. Likampwaya, akalirudisha tena. Likawa refu, kisha likawa fupi, mpaka mama akauliza ni gauni gani hilo lisilokwisha na msimu unakwisha. Mimi nilikuwa najua ni gauni gani.

Rajabu hakuwa mhuni, mwanangu. Alimwendea baba yake akamwomba apeleke wazee kuposa. Mzee Salum akakataa katakata. Akasema hawezi kuoza mwanawe kwa watu wasiojua hata kusimama kwenye swala, na kwamba siku atakayomleta binti huyo nyumbani, ajihesabu hana baba. Kijana akaja kwetu mwenyewe, na rafiki yake mmoja, akapiga magoti mbele ya baba. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza zizi lake liko wapi. Rajabu akajibu kwamba hana zizi, ana cherehani. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameshazungumza na mfugaji mwenzake wa huko bara juu ya Minza, na aliona ameaibishwa. Akamgeukia dada yangu, mbele ya wageni na mbele ya mama, akasema, "Kuliko nikuone nyumbani kwa huyu, heri nikulilie umekufa."

Maneno yale niliyasikia kwa masikio yangu. Minza alichukua mtungi akaenda kuteka maji, wakati mitungi yote ilikuwa imejaa.

Siku chache baadaye tukaamka, hayupo. Bwire, kijana Mjita aliyevua samaki pale kwetu, alikuwa amewaazima mtumbwi wake wa tanga. Walikusudia kwenda Ukerewe kwa shangazi yake Rajabu, mjane mpole ambaye angewapokea. Lakini ziwa letu unalijua. Asubuhi lilikuwa limetulia, na jua lilipopanda likachafuka, upepo ukabomoa hata mabanda ya pamba. Jioni wavuvi wakauleta ule mtumbwi ukiwa umepinduka, tanga limechanika, na khanga ya Minza imejisokota kwenye mlingoti.

Mama aliitambua kutoka mbali. Alianguka palepale kwenye mchanga.

Watu walitafuta kila mwalo wa mitumbwi, hawakuona kitu. Mzee Salum akavuka na mkewe na jamaa zake, na kwa kuwa hakukuwa na maiti ya kugawana, wazee wakaamua msiba uwe mmoja, uwe kwetu. Basi watu wawili waliokataa kuwa wakwe wakakaa chini ya paa moja kama wafiwa.

Hapo ndipo lawama zilipoanza. Watu wa mjini walinong'ona kwamba binti wa Kisukuma alimpa kijana wao dawa. Watu wetu wakasema fundi alimrubuni binti yetu kwa vitambaa. Mimi nililaumiwa kwa kulala naye nyumba moja nisisikie mlango. Lile gauni nalo lililaumiwa, shangazi yetu mmoja akataka lichomwe moto. Mwisho wote, wa mjini na wa kijijini, wakakubaliana juu ya kitu kimoja tu: mwenye kosa ni Bwire. Bila mtumbwi wake wasingekufa. Vijana wakamkamata ufukweni wakamleta uani, mikono imefungwa, na wengine tayari wameshika fimbo.

Bibi yetu, Bibi Ngolo, mama yake baba, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda. Alikuwa mzee sana, na tangu msiba uanze hakuwa amesema neno. Akaomba ashikwe mkono, akasimama mbele ya Bwire.

"Kabla hamjampiga," alisema, "kila mmoja aniambie neno la mwisho alilomwambia mtoto wake. Anza wewe, Masanja."

Baba aliangalia chini. Nilidhani atakasirika, kwa maana hakuzoea kuulizwa. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Nilimwambia heri nimlilie."

Bibi akamtazama Mzee Salum. Yule mzee alikuwa na kanzu nyeupe iliyoshika tope pindoni, na alilia waziwazi. Alisema, "Mimi nilimwambia hana baba."

Mama hakungoja aulizwe. Alisema aliona Minza analia huku anasaga mtama, naye akamwambia asage vizuri, unga una chenga. Ni hilo tu. Alisema angeweza kuuliza mtoto analia nini, na hakuuliza.

"Basi," Bibi akasema, "mfungueni huyu. Mtoto hakimbilii ziwani kwa sababu kuna mtumbwi. Mitumbwi ipo siku zote."

Wakamfungua. Mzee Salum mwenyewe ndiye aliyehangaika na fundo la kamba, na baba akamletea Bwire maji ya kunywa. Usiku ule, mwanangu, wale wazee wawili walilala mkeka mmoja.

Sasa ikafika siku ya kuanua matanga. Baba alitoa dume jeusi la ng'ombe, na akamwomba Mzee Salum achinje yeye, ili wageni wa mjini nao waweze kula. Ilikuwa yapata mchana. Dume limeshalazwa, Mzee Salum ameshaukunja mkono wa kanzu, mara tukasikia mayowe kutoka ufukweni. Tukadhani miili imepatikana. Mama akashika kichwa. Kisha tukagundua kwamba mayowe yale hayakuwa ya kilio. Vilikuwa vigelegele.

Njia ya ziwani ilijaa watoto wanaokimbia, na katikati yao alikuwa Minza, mweusi kwa jua, amevaa shuka la mvuvi. Nyuma yake Rajabu anachechemea na gongo, amemwegemea mwanamke mmoja mnene tusiyemjua. Watu wengine walikimbia kuingia ndani wakidhani ni mizimu. Shangazi yule wa kuchoma gauni alipanda juu ya kihenge cha mtama, na mpaka leo sijui alipandaje.

Mama alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimpapasa uso, masikio, vidole, kisha akampiga kibao kidogo, kisha akamkumbatia, wakakaa chini wote wawili.

Yule mwanamke mnene alikuwa Nyangeta, mkaushaji wa samaki kwenye kisiwa kidogo huko katikati ya ziwa. Alitueleza kwamba mtumbwi ulipopinduka wale vijana waliogelea hadi kwenye majabali ya kisiwa kile, na Rajabu akaumia mguu, na upepo ukamzuia kila mtu kuondoka. Ulipotulia, mvuvi aliyepita akawaambia kwamba Kamanga kuna msiba mkubwa, wanaliliwa wao. Rajabu alitaka waendelee Ukerewe. Minza akasema hawezi kula chakula cha mtu yeyote huku mama yake analia bure. Nyangeta akatweka tanga, akawaleta mwenyewe, akihofia watabadili mawazo njiani.

Ungedhani mambo yameishia hapo, kwa furaha. Lakini angalia moyo wa binadamu ulivyo. Vigelegele vilipotulia nilimwona baba uso unaanza kubadilika. Akasema Minza amemvua nguo mbele ya nchi nzima. Mzee Salum naye akanyanyua lile gongo la mwanawe, akimuuliza ni nani aliyemfundisha kuiba mabinti wa watu. Maneno yalianza kupanda. Lawama ile ile waliyojivika wenyewe, sasa walikuwa wanaivua na kuwavika watoto.

Bibi Ngolo akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele maishani mwake. "Walipokuwa wamekufa kosa lilikuwa lenu. Leo wamekuwa hai, mnawarudishia? Basi walifanya vibaya kurudi."

Baba akarudi nyuma. Gongo la Mzee Salum likashuka polepole. Akamrudishia mwanawe alishike.

Usidhani Bibi aliwaacha wale vijana. Aliwaita wakae mbele yake kwenye mavumbi. Akawauliza kwa nini hawakumjia yeye, ambaye nyumba yake haina mlango wa kufunga. Akawaambia wamemchukulia Bwire mtumbwi na karibu wamchukulie na uhai, na mama zao wameota mvi kwa ajili yao. Minza alilia sana kwa maneno hayo kuliko kwa yote. Rajabu akaomba radhi kwa Bwire mbele ya watu, na mguu ulipopona alimshonea tanga jipya, limenyooka, la pindo mara mbili, ambalo wavuvi walikuja kulitazama kutoka mbali.

Dume jeusi tulilila siku ileile, kwa ngoma.

Posa ikaja baada ya Ramadhani. Minza aliulizwa na baba mwenyewe kama anakubali kuifuata dini ya mume, akasema anakubali kwa hiari yake. Akapewa jina la Zaituni, ingawa baba alimwita Minza mpaka alipoingia kaburini, na Mzee Salum hakuona ubaya. Mahari ilikuwa ng'ombe, maana baba hapo hakulegea. Mzee Salum akawanunua mnadani upande wa Igoma, na kwa kutaka kuonyesha heshima, akasema atawaswaga mwenyewe. Mtu wa cherehani, mwanangu, hajawahi hata kushika mkia wa mbuzi. Mtamba mmoja alimponyoka katikati ya mji, akaingia duka la vitambaa la Mhindi, akatoka na kipande cha hariri kwenye pembe. Mzee Salum alimfuata mtaa kwa mtaa, kanzu ameishika mkononi, kofia haijulikani ilipo. Alipovuka nao hadi Kamanga, ametota jasho, baba alimpokea kwa mikono miwili. Akaitazama ile mahari, kisha akamtazama mkwe wake, akacheka hadi akaketi chini. Sikuwa nimewahi kumwona baba akicheka. Ndipo nilipojua kicheko cha Minza kilitoka wapi.

Uhuru ulipokuja, mjini Mwanza Rajabu hakupata usingizi kwa kushona, kila mtu alitaka bendera, kila mtu alitaka nguo mpya. Tulivuka sote kwenda kusherehekea. Minza alikuwa na mtoto wa kiume anayeanza kutembea, na wale babu wawili waligombana barabarani ni nani atakayembeba begani ili aone gwaride. Walimbeba kwa zamu, na kila mmoja alidai zamu ya mwenzake imezidi.

Sasa, mwanangu, uliniuliza kosa ni la nani. Wale wa hapa Kiseke hawatarudi na Nyangeta, na wazazi wao usiwaendee kuwauliza kitu. Kaa nao, wapikie, teka maji. Lakini wewe una watoto wanaokua, nawe mwenyewe ungali kijana, kwa hiyo chukua maneno yangu. Kosa lina wenyewe wengi, na kila mwenye kosa anao muda wa kulikiri mtoto akiwa bado mzima. Akishakufa, kukiri kunamfaa nani? Ukimkatalia mtoto jambo, mkatalie hilo jambo, usimkatae yeye. Ukimwona analia, muulize analilia nini, unga usubiri. Nawe uliye kijana, ukipenda mahali pasipotakiwa, tafuta mtu mzima mmoja wa kukusemea kabla hujatafuta mtumbwi. Yupo. Hakosekani katika ukoo wowote, hata kama ni ajuza aliyekaa mlangoni bila kusema.

Mungu akujalie nyumba ya kelele za watoto. Siku ya hasira akupe ulimi mzito na miguu myepesi ya kumfuata aliyeondoka. Na wote utakaowapenda, awarudishe kwako wakiwa wazima, kabla ya chakula kupoa.