Siku Baba Alipokunywa Maziwa Burundi

Enzi zetu, wenzangu mliokulia vijiji vya ujamaa huku Ngara mtanielewa, kula nje hakukuwa kwenda hotelini. Hoteli mimi niliiona Lusahunga nikiwa na watoto tayari, na chai yao ilikuwa maji matupu. Kula nje kulikuwa kushuka kutoka Murusagamba, kuvuka kijito, kuingia Burundi na kuketi kwenye mkeka wa watu.

Mimi nilivuka mara ya kwanza kwa ajili ya dada yangu Leokadia. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha juzi juzi, na duka la kijiji lilibaki mbao tupu na muuzaji anayepiga miayo. Sabuni hakuna. Tulifua kwa majani ya mpapai, na ile harufu ya ubichi naisikia mpaka leo. Sasa Leokadia kachumbiwa na kijana wa ng'ambo, Melkiori, na mama hataki.

"Wale wana ng'ombe, sisi tumevaa viraka," alisema. "Wakitudharau hata kwa jicho tu, binti yangu haondoki."

Basi tukaenda kuwaona: baba, mama na mimi na kikapu changu cha ndizi kichwani. Mama alikuwa Mhangaza, baba Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga. Baba, Mungu amrehemu, hakuweza kutembea bila karanga za kukaanga mfukoni. Njia nzima alitafuna kwa siri kama panya, maana mama hakupenda mtu mzima anayetafuna barabarani.

Tulivyopokelewa, jamani! Mkeka mpya, majani mabichi yametandazwa sakafuni, tukanawishwa mikono, hata mimi mtoto. Mama mwenye nyumba akaleta maziwa katika chombo cha mti chenye harufu ya moshi. Kabla ya kumpa baba akamuuliza, "Baba, leo umekula maharage au karanga?" Kwao aliyekula vitu hivyo hanywi maziwa siku hiyo, ng'ombe huumwa kiwele. Baba mambo hayo hakuyajua. Alijua tu kwamba kwao Usukumani mgeni akiulizwa kama amekula, heshima ni kukana.

"Sijaonja kitu, mama," akajibu, akanywa mpaka povu likabaki kwenye masharubu.

Kisha akaingiza mkono mfukoni kutafuta kiko. Karanga zikamwagika mkekani.

Watoto wa nyumba ile wakaziba midomo. Mama yangu akainamisha uso, akaanza kukaza kanga yake kama mtu anayeondoka. Mimi nikajua harusi imekufa. Baba yake Melkiori, mzee mmoja mrefu sana, alizitazama zile karanga. Akaokota moja, akaitafuna. Akachukua chombo kilekile, akanywa.

"Mkwe," akamwambia baba, "sasa tumekosea wawili. Ng'ombe wakikasirika, wataanza na mimi."

"Wewe mzee!" mkewe akapiga makofi. "Kesho utakamua mwenyewe!"

Nyumba nzima ikacheka. Baba ndiyo kwanza anamnong'oneza mama, "Kwani nimefanya nini?"

"Nyamaza wewe," mama akasema, naye mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Zikaja ndizi za mawese, zina chumvi, chumvi ya kweli! Sisi tulikuwa tumeisahau. Jioni ukoo mzima ukatusindikiza mpaka kijitoni. Tulipofika upande wetu mama akageuka, akawapungia mkono.

"Leokadia aende," akasema. Dada akaenda, na hakuwahi kurudi analia.

Siku hizi wajukuu zangu wanavuka Rusumo kwa basi kwenda Rwanda, wanakula hotelini huko, wanapiga picha sahani mpaka chakula kinapoa. Wakirudi nawauliza mwenye nyumba aliyewakaribisha anaitwa nani. Wananicheka: "Bibi, hotelini hakuna mwenye nyumba."

 Enzi zetu, huyo mwenye nyumba ndiye tuliyekuwa tukimvukia kijito.