Agnetha na Bakuli Lenye Tundu

Ukifika Segese ukamuulizia Agnetha, watakuuliza Agnetha yupi. Sema Mama Loveness, yule anayesikiliza ardhi, na bodaboda yeyote atakupeleka mpaka mlangoni.

Mashine yake ya kutafutia madini aliachiwa na kaka yake, Januari. Januari alihangaika nayo misimu miwili kule Geita akitafuta dhahabu, ikampa misumari. Akaitupa chini ya kitanda, akaenda Kahama kuuza viatu. Agnetha akawaza tofauti. Penye msumari palikuwa na mlango, penye mlango palikuwa na watu, na watu tangu zamani hudondosha vitu. Basi hakufuata wachimbaji. Alifuata mahame, yaani maboma yaliyoachwa watu walipohamishiwa vijijini mwaka wa sabini na nne. Utayajua kwa minyaa iliyobaki imejipanga mstari katikati ya shamba, hailindi kitu.

Huko hupata senti za tundu za wakati wa Mwingereza, vifungo, na majembe yaliyolika. Chupa mashine haiisikii, lakini kifuniko cha bati kikilia karibu na udongo wa majivu, anajua amefika jalalani, na jalalani chupa hazikosekani. Senti huchukuliwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Kambarage, Shinyanga mjini. Chupa huchukuliwa na akina mama wauza samli.

Vijana wa maduarani, wale wanaoshuka mashimoni, wakimwona amevaa vile visikilizio vyake humtania. "Mama Loveness, leo unaongea na nani huko chini?"

"Na babu yako. Anauliza utaoa lini."

Ana utaratibu wake pia. Haingii shamba la mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Shimo akilichimba hulifukia, asije ng'ombe akavunjika mguu. Na kabla ya kufukia huweka chini kizibo kimoja cha soda, kilichogongwa nyundo kikawa bapa. Akirudi mwaka mwingine, ule mlio mwembamba wa kizibo unamwambia kwamba hapa alishapita, asijichoshe.

Miaka mitatu iliyopita, katika shamba la mzee Mageni, alichimbua bakuli la enameli, jeupe, ukingo wa buluu, limefunikwa kifudifudi ardhini. Sululu ilibandua ukingo kidogo. Kitako kilikuwa na tundu, na bakuli lenye tundu nani atalitaka? Akaenda nalo nyumbani, likawa la kuwekea kuku pumba.

Mwaka huu, Ijumaa moja mchana, akaja mgeni kutoka Shinyanga, mama wa miaka sitini hivi, viatu vimejaa vumbi. Jina lake Mariana. Walisalimiana, akapewa kigoda na maji, kisha akaeleza. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, akazikwa nyuma ya nyumba. Baada ya miaka miwili wakahamishwa. Hame lao ndilo shamba la Mageni la leo, na Mageni amelitoa lijengwe mwalo wa kusaga na kuosha mawe ya dhahabu. Jumatatu greda linaingia kusawazisha. Mageni si mtu mbaya. Alimwambia amwonyeshe kaburi naye atalizungushia uzio, ila hawezi kuzuia kazi kwa kaburi ambalo hakuna anayelijua. Mariana alikuwa amezunguka shamba lile siku mbili. Minyaa ilishang'olewa yote.

"Alama ipo," alisema. "Kwetu mama akizikwa, bakuli lake la chakula hufunikwa upande wa kichwa. Linatobolewa kitako, ili asije mtu akalitamani. La mama lilikuwa jeupe, ukingo wa buluu. Nimeambiwa mashine yako inasikia bati."

Agnetha akatazama uani. Nyuma ya mgeni kuku walikuwa wanadonoa.

Kwao Agnetha, upande wa ziwani, kaburi huwekewa msalaba na saruji. Habari ya bakuli hakuwahi kuisikia. Na kitu cha kaburini kukutwa uani kwako, katika nchi hii, si jambo la mzaha. Mwenyewe anasema alikipima choo kwa macho. Bakuli angelitumbukiza humo, kesho akatembea shambani kutwa nzima, kisha akasema mashine haikulia. Nani angejua?

Akainuka. Akamwaga pumba, akalipangusa bakuli kwa kanga yake, akapiga magoti, akaliweka mbele ya mgeni.

"Mama, nililitoa mimi. Nilidhani ni takataka."

Mariana alilishika, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Tundu hili alilitoboa baba kwa msumari wa mlango," akasema. "Mimi ndiye niliyemshikia bakuli. Ulilitoa sehemu gani?"

"Sehemu siijui, mama. Lakini kizibo changu kinaijua."

Jumamosi asubuhi wakaenda, na Mageni akaja kuona. Agnetha alipita mstari kwa mstari. Kizibo cha kwanza kililia. Kando yake majivu tu, jalala. Kando ya cha pili palikuwa na msumari uliooza. Jua lilikuwa utosini kilipolia cha tatu. Alichimba kwa vidole, asipite kina cha kizibo. Kwenye udongo ule akaona gamba jeupe, dogo kama ukucha, upande mmoja buluu. Mariana akalichukua, akaliweka kwenye ukingo uliobanduka. Likakaa.

Mageni akavua kofia.

Mariana alipiga magoti, akazungumza Kisukuma taratibu, akimtajia mama yake majina ya wajukuu na vitukuu, mmoja mmoja. Kisha akalifunika bakuli. Agnetha aliponyoosha mkono kutoa kizibo, Mariana akamzuia.

"Kiache. Ndicho kilichomshikia mama nafasi wakati bakuli lake limetembea." Akamtazama. "Usingelitoa wewe, lingetolewa na jembe la trekta. Trekta haliachi kizibo. Wabeja, mayu."

Asante, mama: ndivyo maneno yale ya Kisukuma yanavyosema. Agnetha alikuja akijihesabu mwizi, akarudi ameitwa mama. Anasema katika yote aliyookota mahameni, hajapata kitu kinachofika hapo.

Uzio upo, nguzo sita, na greda lilipita kando. Siku hizi, akienda kuomba ruhusa ya shamba, Agnetha huuliza na swali la pili: nani amelala humu? Wengine hucheka. Wengi hufikiri kwanza, kisha wanamwonyesha.

Wiki mbili baada ya Jumamosi ile mzigo mdogo ulimfikia kwa basi la Shinyanga. Ndani palikuwa na bakuli jipya la enameli, na simu ikafuata. Mariana alimwambia ni la kuku. Halina tundu, kwa hiyo sasa wanaweza kuwekewa hata maji.