Ngamia wa Mzee Roba na Mdundo Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa mbili asubuhi nikiwa na sare ya shule, kwa sababu ndiyo nguo pekee niliyokuwa nayo yenye mfuko wa kalamu. Kazi yenyewe haikuhitaji kalamu. Ilikuwa likizo ya Aprili, nikiwa Kidato cha Pili. Leo niko Kidato cha Nne, nimestaafu, mgongo unaniuma kwa kubeba vitabu, na ninyi wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza mnadhani nyimbo zilianguka kutoka mbinguni zikaingia kwenye simu zenu zenyewe. Kaeni chini. Zamani zetu, mwaka juzi, muziki ulikuwa unajazwa kwa mkono.

Duka lilikuwa la Shangazi Dahabo, hapa Isiolo mjini, nyuma ya soko, kati ya akina mama wa maziwa ya ngamia na fundi wa viatu. Ukutani palikuwa pameandikwa SIMU, CHAJI, NYIMBO. Tulikuwa wafanyakazi watatu na kila mtu na cheo chake, vyeo ambavyo nilivigawa mimi mwenyewe. Shangazi alikuwa Mkurugenzi. Muthomi, kijana wa kutoka Meru aliyetengeneza simu na kuimba besi kwenye kwaya ya kanisa, alikuwa Mhandisi Mkuu. Mimi nilikuwa Afisa.

"Salaam aleikum, Mkurugenzi," nilisema siku hiyo nikisimama wima mlangoni. "Afisa Talaso ameripoti."

"Aleikum salaam. Wacha ujinga, shika waya."

Hivyo nikapewa Idara ya Chaji. Ilikuwa ubao mmoja, soketi nyingi, na simu za wachungaji zimelala kifudifudi kama wagonjwa wadi moja. Nilikaa idara hiyo wiki mbili, kisha nikapandishwa cheo kwenda Idara ya Nyimbo kwa sababu ya kosa la Mhandisi Mkuu. Muthomi alikuwa akijaza kila kadi nyimbo za kwaya yake. Mzee mmoja Mwislamu, mfugaji wa mbuzi, alirudi akilalamika kwamba mifugo yake imeshinda kanisani kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa.

"Lakini si walitulia?" Muthomi alimwuliza.

"Walitulia," mzee akakubali, kwa shingo upande. "Toa hata hivyo."

Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyofanywa. Mteja analeta memori kadi, kile kipande kidogo kama ukucha kinachokaa ndani ya simu na kubeba nyimbo. Hakuambii anataka nyimbo ngapi. Anakuambia safari. "Nijazie ya Kipsing, kwenda na kurudi." Wewe afisa unajua kwamba kutembea na mbuzi mpaka Kipsing ni siku kadhaa, na ukimjazia kidogo, wimbo wa kwanza utarudi tena akiwa bado yuko porini, naye atakuja kukutukana kwa lugha tatu. Mama mmoja wa mashamba ya Rapsu alikataa kabisa nyimbo za haraka. Vijana wake walikuwa wamepalilia kwa mdundo mpaka wakang'oa na vitunguu.

Kabla ya kujaza, kadi huwa inasafishwa, maana inakuja na virusi na vumbi la nchi nzima. Kusafisha ni kuifuta yote ibaki tupu kama kichwa kilichonyolewa. Kwa hiyo Mkurugenzi alikuwa na sheria moja. Kila kitu cha mteja kinanakiliwa kwanza kwenye kompyuta, ndani ya folda inayoitwa Amana, halafu ukimaliza kujaza unamrudishia.

"Humo ndani kuna vitu vya watu," aliniambia akininyooshea kidole. "Picha za harusi, sauti za watoto. Ukichezea folda hiyo, Talaso, utarudi kwa mama yako ukiwa umebeba ubao wa chaji kichwani."

Idara ya Nyimbo ndiyo iliyonisomesha. Kupitia Amana nilisikia nyimbo za Kisomali zenye kinanda kinacholia kama kina kesi mahakamani. Nilisikia nyimbo za Kiborana kutoka upande wa Moyale, ambazo mabega yanaanza kucheza kabla mwenyewe hujakubali. Nilisikia benga, rege, rumba, na gengetone, ile ya vijana wa Nairobi yenye maneno machafu, ambayo niliisikiliza sauti ikiwa chini sana kwa heshima ya Mkurugenzi.

Halafu dereva mmoja wa lori akaacha flashi yake. Nikafungua wimbo wa kwanza. Dum, dum, dum, dum. Hakuna maneno.

"Mwimbaji ameenda wapi?" nikamwuliza Muthomi.

"Ngoja, ataingia."

Tukangoja. Kikaingia kitu kama mvua kwenye mabati. Kikatoka. Ikaingia besi, ile sauti nene ya chini unayoisikia kwa tumbo. Wimbo ukaisha na mwimbaji hakuja. Muthomi alitikisa kichwa, akasema huo ni utapeli. Mimi niliurudia mara nne. Nilikuwa nimegundua muziki wa kielektroniki, na kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wa kuharibika.

Niliweka kwenye kompyuta ya duka programu ya kutengeneza midundo. Unachukua kipande cha sauti, unakikata, unakifanya kijirudie bila kuchoka, unakiwekea ngoma chini. Nilikata honi za pikipiki. Nilikata kikohozi cha Muthomi. Nilichokosa ni sauti moja ya maana.

Likizo ya Agosti, sauti ikaingia dukani yenyewe, ingawa mwenyewe alikuja bila sauti.

Mzee Roba alikuwa mfugaji wa ngamia, na koo lake lilikuwa limepasuliwa hospitalini. Alipona, lakini alibaki kunong'ona. Kila aliyezungumza naye alijikuta ananong'ona pia, bila kujua kwa nini. Alimnong'oneza Shangazi habari za nyumbani, Shangazi akamjibu kwa kunong'ona, na fundi wa viatu akaacha kugonga nyundo akidhani kuna siri. Mzee alitaka nyimbo za kusikiliza jioni. Akaniachia kadi, akaenda kunywa chai.

Nikainakili kwenye Amana kama sheria ilivyosema. Ndani mlikuwa na faili moja tu. Nikaifungua, na nywele zikanisimama. Ilikuwa sauti ya Mzee Roba mwenyewe kabla ya upasuaji, pana na nzito, akiwaimbia ngamia wimbo wa kunywa maji. Hoo, hoo, anawaita. Anawataja mmoja mmoja. Anarudi kwenye hoo. Kile kilikuwa kipande kinachojirudia, kimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta!

Nilisahau dunia. Nikakata hoo, nikaweka dum chini yake. Mzee aliporudi, nilimjazia kadi haraka na kumpa mkononi, huku kichwa changu kikiwa bado kwenye mdundo. Ile faili yake sikuirudisha.

Kesho yake kompyuta ilikataa kuhifadhi wimbo wangu. Ilikuwa imejaa. Nikatafuta kitu kikubwa cha kufuta, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa Amana. Niliwaza hivi, na ninaungama mbele yenu: wateja wote wa wiki hii wameshachukua vyao. Nikafuta. Wimbo wangu ukahifadhiwa vizuri sana.

Siku ya nne Mzee Roba alisimama mlangoni na kadi kiganjani.

"Msichana," akanong'ona, "wimbo yangu iko wapi?"

"Wimbo gani, abba?" nikanong'ona, nikimwita baba kwa Kiborana. Lakini nilishajua.

Akaeleza polepole. Ngamia wake walizoea kunywa wakimsikia. Tangu sauti ikatike, amekuwa akiweka simu na spika kando ya birika la kunyweshea, wanasikia hoo, wanainamisha shingo. Jana alibonyeza, akatokea mtu anaimba mapenzi. Ngamia wakaonja, wakainua vichwa, wakaondoka. Mpwa wake alijaribu kuimba, wakaondoka zaidi. Na kwenye kile kisima cha nje ya mji, kilichochimbwa baada ya serikali ya kaunti kuja, watu hunywesha kwa zamu. Zamu yake ilikuwa inaisha leo adhuhuri. Ikipita, angengoja mpaka wengine wote wamalize.

"Tangu zamu iliyopita, siku nane, hawajanywa vizuri," akasema. "Na mimi siwezi kuita."

Akafungua mdomo kunionyesha. Ilitoka hewa tu.

Shangazi alinitazama. Sikungoja kuulizwa. Nikasema yote: faili, mdundo, Amana. Niliyasema kwa kunong'ona, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele.

"Kwa hiyo hakuna kilichobaki," akasema Shangazi.

"Kimebaki changu. Chenye ngoma."

"Toa ngoma."

"Haitoki, Mkurugenzi. Imeshapikwa pamoja, kama chumvi kwenye mchuzi."

Muthomi, ambaye kwa kawaida hakosi la kunicheka, alikuwa tayari anafungua waya za spika kubwa ya duka. "Basi twende na mchuzi," akasema.

Tulikwenda kwa pikapu ya Shangazi, Mzee Roba mbele, mimi na Mhandisi nyuma tukiwa tumekumbatia spika. Kisimani wafugaji wengine walikuwa wamesimama na saa zao wakimhesabia. Ngamia ishirini na kitu walikuwa mbali kidogo na birika, midomo imekauka, wanatuangalia kwa ile dharau yao.

Nikabonyeza. Dum, dum, dum, dum. Ngamia wakarudi nyuma wote pamoja. Mfugaji mmoja akacheka, "Roba, umeleta disko?" Nikatamani ardhi inimeze mimi na spika. Nilikuwa nimeupa wimbo mwanzo mrefu, wa kujidai, na sasa kila dum ilikuwa inakula zamu ya mzee wa watu.

Halafu hoo ikaingia.

Ngamia jike mmoja mkubwa akasimama. Akageuza masikio. Hoo, ikasema spika, na chini yake besi ikatetemesha maji ndani ya birika. Mzee Roba alikuwa amesimama kando ya spika, mdomo wake ukienda sambamba na sauti yake mwenyewe. Yule jike akaja hatua moja, akaja nyingine, akainamisha shingo. Wengine wakamfuata. Wakanywa kwa muda mrefu, matumbo yakajaa, na ninaapa yule mdogo wa mwisho alikuwa akimeza kwa mdundo.

Adhuhuri ilifika wakiwa wamemaliza. Mzee Roba alinishika bega akanong'ona, "Hiyo ngoma ni mbaya. Lakini iweke kwenye kadi." Nikaiweka mara tatu, kwenye kadi tatu, kila moja mfuko wake. Shangazi alinirudisha Idara ya Chaji likizo yote iliyobaki, na sikukata rufaa.

Nilistaafu rasmi Desemba iliyopita. Kidato cha Nne hakichezewi, mama alisema, na Mkurugenzi akaafiki haraka kuliko nilivyopenda. Zawadi yangu ya utumishi ilikuwa visikizi vya masikioni vya duka, vinavyolia upande mmoja tu. Bado ninavyo. Bado ninakata sauti za watu na kuzitandikia midundo, ila siku hizi naomba ruhusa, na nakala ya kwanza haiguswi. Kazi ilinifundisha hayo mawili, na mengine mengi ya muziki ambayo hayataulizwa kwenye mtihani.

Wiki jana nilikuwa nikitembea kwenda shule, ngamia wa Mzee Roba wakivuka barabara mbele yangu. Akapita kijana wa bodaboda mwenye spika kubwa nyuma, inapiga dum, dum, dum, dum. Yule jike mkubwa akasimama. Akageuza masikio. Kisha akageuka mzima akaanza kumfuata, na wengine wote nyuma yake, ngamia ishirini na kitu kwenye lami, shingo mbele, wakitafuta maji. Kijana akatazama nyuma, akaongeza mwendo. Nao wakaongeza.

Ningeweza kumpigia kelele azime. Lakini mimi ni mstaafu.